Swali la Kumi na Nne

Dodoso limelala mezani tangu Jumatatu,
kando ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Solange hulisogeza tukila, hulirudisha tukimaliza,
kama mgeni ambaye hakuna aliyethubutu kumuaga.

Leo nimekaa nalo. Saa nane usiku,
Valcartier yote imefunikwa,
theluji imepanda hadi ukingo wa dirisha
na kipasha joto kinakohoa kuliko mtoto.

La kwanza, cheo. Koplo. Hilo rahisi.
La pili, miaka kazini. Kumi na miwili.
Nikaiandika, nikaitazama,
ikanijia sura ya yule kijana aliyekula kiapo
buti zikimbana, akitabasamu pichani
akidhani maumivu ndiyo heshima yenyewe.

La tano wanauliza kama mshahara unakidhi mahitaji.
Jamani.
Mwezi wa nne ulipanda, kweli ulipanda, tukanunua keki.
Mwezi huo huo kodi ya nyumba nayo ikapanda:
mshahara kwa ngazi, kodi kwa lifti.
Vilipokutana juu, ule wa ngazi ulikuwa unahema.

La nane, hali ya makazi. Chagua namba, moja hadi tano.
Hakuna namba ya kuvu.
Ilianza nyuma ya kabati la Maude, doa la ukubwa wa sarafu,
tukaiosha kwa siki, ikarudi na ndugu zake.
Mkaguzi alikuja Oktoba na glavu mkononi,
akaugusa ukuta kwa kidole kimoja,
akaandika "unyevu wa kawaida", akamaliza kahawa yetu, akaenda.
Unyevu wa kawaida!
Mimi hutengeneza deraya. Siku nikiandika
"uvujaji wa kawaida" chini ya injini,
nitakuwa mahabusu kabla ya chakula cha mchana.

Thivierge aliacha. Yuko mgodini, kaskazini,
anaendesha lori lenye matairi marefu kuliko mlango huu,
analipwa mara mbili, na sakafu yake ina joto.
Krismasi alinipigia, amelewa kidogo.
Hakutaja fedha. Aliuliza,
"Ile namba arobaini na moja, bado inagoma kuwaka asubuhi?"
Nikamwambia bado.
Akanyamaza. Nikasikia anapenga kamasi.

Maude ana miaka tisa na shule nne.
Sanduku lake moja halifunguliwi tena,
hulikalia akivaa soksi.
"Nikilifungua," alisema, "watatuhamisha."
Nimepekua kurasa zote. Sanduku hilo halikuulizwa.

Wangeuliza vizuri ningesema nini?
Kwamba usiku wa mafuriko nilimbeba bibi Ouellet mgongoni
kutoka ghorofa ya pili, paka wake ndani ya koti langu
akinikwaruza kifua, na sikuhesabu saa wala senti.
Kwamba nilirudi alfajiri, nimelowa, nimejaa sifa,
nikamkuta Solange anakinga maji kwa sufuria
chumbani mwetu wenyewe.
Yote mawili ni kweli.
Nafasi ya maoni ni mistari mitatu.

Swali la kumi na nne.
Je, unakusudia kuendelea na utumishi?
Ndiyo. Hapana. Sijaamua.
Nikaivuta taa karibu, na hapo ndipo nilipoiona:
ndani ya kisanduku kimoja, alama ya penseli,
nyepesi, ya kuogopa karatasi,
ya mkono ule ule unaoandika orodha ya maziwa na mkate.
Aliiweka lini? Hakuniambia.

Sikuifuta. Sikuikoleza.
Nimevaa koti, nimetoka na koleo
kulifukua gari. Saa kumi na mbili kuna gwaride,
na namba arobaini na moja haiwaki
bila mtu wa kuibembeleza.